Hotuba ya Mwenyekiti: Ramadhani Niliyolishwa na Wenzangu

(Hotuba hii ilisomwa na Mwenyekiti wa kikundi chetu siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi, Muheza, mkoani Tanga, mwaka 2025.)

Ndugu Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani wetu, Bwana Mtendaji wa Kata, masheikh na wachungaji mliofika, wageni waalikwa, na ninyi wanachama wenzangu ambao ndio wenye shughuli yenu:

  

Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Sisemi hivyo kwa mazoea ya kufungulia hotuba. Mimi ninayesimama hapa mbele yenu, ilikuwepo siku watu wa nyumbani kwangu walianza kunong'ona habari za sanda.

Risala ya kikundi imekwisha kusomwa na Katibu na mmeisikia. Tulianza mwaka 2015 kina mama 17 tukikaa juu ya mikeka chini ya mwembe, na leo tuko 34, tunalo sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na hakuna mtoto wa mwanachama aliyekosa shule kwa ajili ya daftari. Hayo sitayarudia. Kamati iliponiambia niseme neno niliwauliza neno gani, wakanijibu, "Sema lile lako." Basi nitasema lile langu. Elimu yangu ni ya darasa la saba, mnivumilie, nitasema kama ninavyosema siku ya Jumatano kwenye mkutano wetu.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Naanza na kosa langu. Katiba yetu ya kwanza niliiandika mimi kwa mkono wangu kwenye kaunta buku. Tuliweka mfuko wa jamii, kila mwanachama shilingi 500 kwa wiki. Tukaandika kwamba mfuko huo utasaidia mambo matatu: msiba, uzazi, na nyumba ikiungua au ikibomoka kwa mvua. Ugonjwa hatukuuweka. Tulisema ugonjwa hauna mwisho, utatumalizia mfuko.

Mwaka 2018 mwenzetu mmoja, anayeuza machungwa pale barabarani, mumewe alishikwa na maradhi ya muda mrefu. Akaja mkutanoni akaomba asaidiwe nauli na dawa. Mimi nikafungua katiba nikasoma kifungu, nikamwambia, "Dada, sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma." Hakusema kitu. Alilipa hisa zake mbili akaenda zake. Wiki ile nikasikia ameuza cherehani yake. Mwaka uliofuata mumewe akafariki, na sisi tukampelekea rambirambi, maana msiba ulikuwemo kwenye katiba. Yaani mzee wa watu alipokuwa hai anaumwa hatukuwa na senti yake, alipokufa tukawa nayo. Na mimi jamani nikajiona nimeongoza vizuri.

Sasa sikilizeni huo msumeno ulivyonigeukia.

Mwanzoni mwa mwaka 2021, nikiwa naoga, nilipapasa nikakuta kivimbe kwenye titi la kushoto, karibu na kwapa. Kidogo tu kama punje ya kunde. Hakikuuma. Kina mama, hapa nataka mnisikilize sana. Kama kingeuma ningekwenda hospitali siku ileile. Kwa vile hakikuuma nikakiacha. Baada ya muda nikaenda kituo kimoja, sitakitaja, nikaambiwa ni jipu la ndani, nikapewa vidonge vya siku saba. Nikameza. Kisha jirani akaniletea majani ya kupaka. Nikapaka. Kivimbe kikawa kama kokwa la embe changa, na ngozi ya titi ikaanza kuwa na vishimovishimo. Sisi watu wa Muheza ganda la chungwa tunalijua. Basi ngozi yangu ilikuwa hivyo hivyo, kama ganda la chungwa. Sikujua kuwa ile ni dalili kubwa.

Aliyenikamata ni binti yangu. Tulikuwa tunajitayarisha kwenda harusini, akawa ananifunga khanga, akaona. Akaniuliza, "Mama, hiki nini?" Nikamwambia si kitu. Hatukwenda harusini. Kesho yake alfajiri tulikuwa kwenye gari ya kwenda hospitali ya mkoa.

Huko wakakata kipande kidogo cha nyama kikaenda kupimwa. Majibu yaliporudi daktari akatuita wawili, mimi na mume wangu, akasema, "Mama, ni saratani ya titi. Inatibika, lakini umechelewa, kwa hiyo sasa tusipoteze siku." Mume wangu akauliza mara mbili, "Inatibika?" Mimi sikuuliza kitu. Kwa wakati ule, nikisikia neno kansa nasikia kaburi.

Tukaandikiwa kwenda Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Kwa wasiopajua, ni pale kandokando ya bahari, kwenye barabara ambayo sasa inaitwa Barack Obama, na lile jengo la zamani lilijengwa na Wajerumani katika miaka ya 1890. Kutoka hapa unapanda basi, unapita Segera, unapita Chalinze, unashuka Mbezi Louis, halafu daladala mpaka mjini. Mzima anachoka, sembuse mgonjwa. Pale nikakuta kina mama kutoka Mtwara, Singida, Rukwa, kila mmoja na khanga yake na bahasha yake ya vipimo. Nikajua kumbe sipo peke yangu duniani.

Nilianza na dawa za dripu, kila baada ya wiki tatu, mara sita. Nywele zikanyonyoka zote. Chakula kikawa na ladha ya chuma mdomoni. Januari 2022 nikafanyiwa upasuaji, titi likaondolewa pamoja na tezi za kwapani. Kidonda kilipokauka nikaanza mionzi, Jumatatu mpaka Ijumaa, nikiwa nimehifadhiwa kwa shemeji yangu Temeke. Mwishoni mwa Machi nikaambiwa nirudi nyumbani, nimeze kidonge kimoja kila siku kwa miaka, na nirudi kliniki kwa tarehe zangu.

Ndugu wanachama,

Mambo ya nyumbani wakati huo hayasemeki yote. Kilichotumaliza hasa ni nauli ya watu wawili, mgonjwa na anayemsindikiza, na kula ugenini. Mume wangu aliweka rehani minazi yake ishirini. Wapo waliomshauri aoe mke mwingine, akawajibu kwamba mke anaye, amekwenda Dar es Salaam kutibiwa. Wifi yangu, ambaye nampenda na yuko hapa ananitazama, mwanzo alinitengea kikombe changu na sahani yangu, akidhani ugonjwa unaambukiza. Binti yangu akamweleza kwamba saratani haiambukizi kwa kikombe, wala kwa kulala pamoja, wala kwa kushikana mikono. Siku hiyohiyo wifi akachukua kile kikombe changu akanywea chai mbele yangu. Hakusema samahani, alikunywa tu. Nami nikajua.

Na ninyi kikundi changu niliwaficha. Niliaga kwamba nakwenda kumwangalia mtoto. Nilijua katiba inavyosema, maana niliiandika mimi. Ningekuja kuomba kwa uso gani? Nikakosa mikutano, nikatozwa faini, nikaituma kwa mkono wa mwanangu kila mara.

Aliyeuliza alikuwa yule muuza machungwa. Mkutano wa nne nisipoonekana akasimama akasema, "Mwenyekiti hajakosa mkutano tangu 2015. Leo wa nne. Nani amekwenda kumtazama?" Hakuna. Akaja yeye na Mweka Hazina. Wakanikuta nimekaa uani sina kilemba, kichwa kitupu kama cha mtoto mchanga. Nikatafuta khanga ya kujifunika, akanishika mkono akasema, "Acha, dada. Tumekwisha kuona." Akakaa kwenye mkeka, nikamweleza yote.

Jumatano iliyofuata akapeleka hoja mkutanoni kwamba katiba ibadilishwe, ugonjwa mrefu uingizwe. Nimeambiwa yalikuwepo mabishano. Mmoja akasema, "Si Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyesema sheria ni msumeno?" Yule mama akajibu, "Ndiyo. Lakini hata fundi mwenyewe msumeno ukimkata, tunamfunga kidonda." Wakanyoosha mikono, hoja ikapita. Nikapewa nauli ya kila safari kutoka mfuko wa jamii, na mkopo usio na riba, ambao mume wangu akakomboa minazi yake.

Sasa nije kwenye Ramadhani yenyewe.

Nilirudi nyumbani siku chache kabla ya mwezi kuandama. Mwaka ule 2022 Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Aprili, mvua za masika ndiyo kwanza zinaanza. Watu wakaja kunipongeza, "Umepona, alhamdulillahi." Nami nilikuwa nimeweka ahadi na Mungu wangu nikiwa pale Ocean Road: nikirudi mzima, nitafunga Ramadhani yote bila kukosa hata siku moja. Daktari alikuwa ameniambia wazi, "Mama, mwaka huu usifunge. Damu yako ni kidogo, mwili umechoka, unahitaji maji na chakula. Tutaangalia mwakani." Nikamwitikia ndiyo. Moyoni nikasema daktari anajua mwili, hajui ahadi yangu.

Nikafunga siku ya kwanza. Nikafunga ya pili. Siku ya tatu, alasiri, nikainuka kwenda kuinjika chungu, nikaona giza. Nilipozinduka niko chini, mume wangu ananimwagia maji usoni na mjukuu analia. Mume wangu si mtu wa makelele, lakini siku ile alipaza sauti. Akasema, "Tumekutoa Dar es Salaam ukiwa hai, unataka ufie jikoni?" Nikamjibu vibaya. Nikamwambia, "Wewe unataka nimwendee Mungu mikono mitupu." Usiku ule hatukusemeshana.

Asubuhi akamleta sheikh wetu nyumbani. Sheikh hakunikemea. Akaniuliza, "Bibi, amri ya kufunga iko wapi ndani ya Kurani?" Nikamjibu, katika sura ya al-Baqara. Akasema, "Vizuri. Na ruhusa ya mgonjwa na msafiri iko wapi?" Nikanyamaza. Akasema, "Iko papo hapo, imefuatana na amri. Aliyeamrisha ndiye aliyeruhusu. Wewe umepokea amri yake, ruhusa yake umeikataa. Zote mbili ni zake." Kisha akanieleza taratibu. Mgonjwa asiyetarajiwa kupata nguvu tena hutoa fidia, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Lakini anayetarajiwa kupata nguvu hula, halafu huzilipa siku zake baadaye. Akasema, "Wewe tunakutarajia."

Ndugu zangu, neno lile, "tunakutarajia," lilinifanyia kazi kuliko dawa. Tangu nianze kuugua watu walikuwa wananipa pole na kuniombea. Huyu alikuwa wa kwanza kunihesabia siku za mbele.

Basi nikaanza kula mchana wa Ramadhani. Mwislamu mwenzangu anajua aibu yake. Nilikuwa najifungia chumbani na bakuli la uji kama mwizi. Siku moja mjukuu wangu, wakati ule alikuwa na miaka saba, akasukuma mlango akaniona. Akatoka mbio anatangaza uani, "Bibi anakula! Bibi anakula!" Na kwenye madrasa akaenda akasema. Nililia siku ile. Babu yake akamkalisha akamweleza kwamba bibi ana ruhusa, na ruhusa hiyo imetoka kwa Mungu. Mtoto akauliza, "Kwa hiyo hatapigwa?" Akaambiwa hatapigwa. Yeye mwenyewe alikuwa anajifunza kufunga, zile saumu za watoto za mpaka adhuhuri. Kuanzia siku ile akawa ndiye ananiletea maji ya kumezea kidonge. Akinipa kikombe, anageuza uso pembeni ili asitamani.

Tena mkono wangu wa kushoto, kwa sababu ya zile tezi zilizotolewa, niliambiwa niutunze, nisibebe ndoo, nisitwange, nisiuchoshe. Utatwaje Ramadhani Tanga mwanamke asiyetwanga wala kukuna nazi? Binti yangu ana nyumba yake, wifi ana yake. Siku ya tano nikamwona mume wangu, mzee wa watu, amekalia mbuzi ya nazi. Tangu azaliwe hajapata kuikalia. Alikuna nazi mbili akajikwaruza vidole vinne. Akachanganya tui zito na tui jepesi akalitia lote kwa pamoja kwenye mihogo, akakoleza moto, tui likakatika. Tukafuturu mihogo inayoelea kwenye maji. Akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia ni tamu. Mungu anisamehe ule uongo ndani ya mwezi mtukufu.

Habari ile ikawafikia ninyi. Sijui nani aliyesema, nadhani ni jirani aliyechungulia uani. Jumatano mkapanga zamu. Kila siku mwanachama mmoja alileta futari nyumbani kwangu, Waislamu na Wakristo, mpaka mwezi ukaisha. Ilikuja mihogo, yakaja magimbi, tambi, kunde za nazi, uji wa pilipili manga. Mwanzo nilikuwa napokea naona haya. Mimi ndiye niliyezoea kupeleka bakuli kwa watu. Kupokea nako kuna kazi yake, hasa kwa mtu aliyezoea kuitwa Mwenyekiti. Siku za mwanzo nilikuwa nahesabu nani kaleta nini ili nije nimrudishie. Siku ya kumi nikachoka kuhesabu, nikawa nakula tu na kuwaombea dua.

Mwaka ule kulikuwa na jambo moja. Kwaresima ya Wakristo na Ramadhani yetu zilikutana, na Pasaka, tarehe 17 Aprili, ikaangukia katikati ya mfungo wetu. Zamu ya siku ile ilikuwa ya yule muuza machungwa. Tulimwambia abadilishane na mwingine, ni sikukuu yake. Akakataa. Jioni akaja na sufuria ya pilau imefungwa kwenye kitambaa, na tende kwenye kisahani. Akakaa nasi mkekani kusubiri adhana. Nikamwambia, "Wewe ule bwana, wewe umekwisha maliza mfungo wako." Akasema, "Nimetoka kanisani nikanywa chai tu. Nimesema nitakula na wewe."

Ilipoadhiniwa tukala. Baada ya kula nikamwambia, "Dada, nisamehe lile la mwaka 2018." Nilidhani atasema yamepita. Kina mama, sote tunapenda kuambiwa yamepita. Yeye akaniambia kweli. Akasema, "Niliudhika zaidi ya mwaka. Nilikuwa nakuja mkutanoni kwa ajili ya hisa zangu, si kwa ajili yako. Kuninyima si kitu, pesa kweli hazikuwa nyingi. Lakini siku ile uliponikatalia hukuniangalia usoni. Uliangalia daftari." Kisha akasema, "Sasa leta hivyo vyombo nioshe, usitie mkono maji."

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo. Miaka kumi tumejifunza kuandika daftari vizuri, na tuendelee, maana kikundi bila daftari hakifiki mwaka. Lakini mtu akisimama kuomba, kwanza mwangalie usoni, halafu ndiyo ufungue daftari.

Idd ilipofika, mwanzoni mwa Mei, sikuwa na nguvu ya kupika pilau wala kuoka vileja. Binti yangu alinishonea kitu cha kujazia pale palipoondolewa titi, kitambaa laini kimejazwa pamba, akakitia ndani ya sidiria. Nikavaa gauni na khanga mpya, nikajitazama kwenye kioo, nikajiona ni mimi. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, fupi kama za mvulana. Nikaenda kuswali nikaketi kwenye kiti nyuma ya wanawake wenzangu. Kila mwaka kwenye Idd namwomba Mungu mambo mengi. Mwaka ule sikuomba kitu. Nilisikia tu takbira, nikatosheka. Watoto wakaja kuchukua mkono wa Idd, nikawapa sarafu za shilingi mia mia, wakanishukuru kama nimewapa elfu kumi.

Zile siku za saumu nilizokula nimezilipa. Zilikuwa 27. Mwezi wa Novemba 2022 daktari alinipima damu akaniruhusu, nikawa nafunga Jumatatu na Alhamisi, nikamaliza mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani ya 2023 kuingia. Na ule mkopo nao nimeulipa. Mweka Hazina yupo, ni shahidi.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Sijaja kusema nimepona kabisa. Bado nameza kidonge, bado nakwenda kliniki, na kila tarehe ya kliniki ikikaribia usiku silali. Nasema nipo, na ninafanya kazi. Lakini yuko mwenzetu mmoja ambaye hayupo. Mnamjua, jina sitalitaja kwa heshima ya watoto wake. Alikuwa amekoma hedhi miaka mingi, damu ikaanza kumtoka tena. Akaona haya kusema. Akadhani ni hedhi imerudi. Alipokwenda hospitali ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi imekwisha kusambaa. Tulimzika mwaka 2023. Nilikuwa nakaa naye kila Jumatano, mimi mgonjwa wa saratani, na sikumwuliza hata siku moja, "Mwenzangu, wewe umepima?"

Kwa hiyo nawaomba mambo haya, na nayasema mbele ya wageni ili tusiyakimbie.

La kwanza, kila mama ajipapase matiti yake kila mwezi. Ukiona kivimbe, hata kama hakiumi, au ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, au chuchu imeingia ndani, au inatoa damu, nenda hospitali. Ukipewa vidonge na kivimbe kikabaki, usikae, rudi, omba upelekwe mbele.

La pili, saratani ya mlango wa kizazi na ya titi ndizo zinazoshika kina mama wengi zaidi katika nchi yetu. Ile ya mlango wa kizazi ina kipimo rahisi cha kupaka siki. Ni dakika chache. Inagundua mabadiliko kabla hayajawa saratani, na yanatibiwa. Damu ikitoka baada ya kukoma hedhi, au baada ya kukutana na mumeo, usione haya.

La tatu, mabinti zetu. Ipo chanjo ya kuwakinga na virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 2018 ilianza kutolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikatolewa kwa wa miaka 9 mpaka 14, sindano moja tu. Mzazi usimfiche mtoto siku ya chanjo.

La nne ni la kikundi. Naomba tukubaliane leo kwamba kila mwaka, kabla ya kuvunja sanduku na kugawana, tutafunga safari moja ya pamoja kwenda kupima, Waislamu na Wakristo, vijana na wazee, na nauli itoke mfuko wa jamii. Na kile kifungu cha ugonjwa mrefu kisiondolewe hata akija mwenyekiti mwingine mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu.

La mwisho ni langu. Muuza machungwa wetu yuko hapa, amekaa mstari wa pili. Nilimwomba msamaha mkekani kwangu tukiwa wachache. Lakini mwaka 2018 nilimkatalia mbele ya kikundi kizima, basi haki yake ni kuombwa mbele ya kikundi kizima. Dada yangu, nakutazama usoni. Nisamehe.

Namshukuru mume wangu aliyekalia mbuzi ya nazi, na sasa hivi tui lake halikatiki. Nawashukuru watoto wangu, wifi yangu, sheikh wetu, madaktari na wauguzi walionihudumia, na ninyi wanachama ambao futari zenu bado ziko ndani ya mifupa yangu. Mwenyezi Mungu awalipe kheri, na atufikishe miaka kumi mingine tukiwa tunajuana nyuso.



Wabillahi tawfiq.